Uso wa Mama Fahmo kwenye Ukuta wa Kanisa

Sehemu ya Saba

Wewe uliyekosa gazeti la wiki jana, hukukosa mazuri. Mimi ni Ekuam, mchoraji wa mabango hapa Isiolo, miaka arobaini na sita, mke hayuko. Nangiro alienda Lodwar na binti yetu kwa wiki mbili, na hizo wiki mbili sasa ni miaka minne. Halafu mashine za kuchapisha mabango zikafika mjini, kazi ya brashi ikafa. Nilipokuwa nimekwisha kabisa, kanisa la katikati ya mji likatufungulia sisi wasanii ukumbi wake wa zamani, na mimi nikapewa ukuta mzima unaotazama barabara.

Kwenye huo ukuta nikachora uso wa mwanamke ambaye sikumwomba ruhusa.

Hapo ndipo tulipoachia. Leo inabidi niseme nilichojibu nilipoulizwa. Nilitaka kuiruka hii sehemu, lakini mhariri akanipigia simu akasema, "Ukiruka hiyo, acha kuandika kabisa." Haya basi. Siruki.

Kwanza mjue ule ukumbi ulikuwa nini kwangu, la sivyo mtaniona mwendawazimu bure.

Ulikuwa stoo ya viti vibovu na makao ya popo. Mchungaji Rimberia, Mmeru mmoja mpole anayecheka kwa mabega, ndiye aliyesimama mbele ya wazee wa kanisa akasema mji huu una watu wanaoimba, wanaochora, wanaotunga maigizo, na wote wanafanyia kazi zao kwenye vumbi. Wazee wengine wakanung'unika ati nyumba ya Mungu inageuzwa ya michezo. Akawaambia, "Mungu mwenyewe hakuanza na mahubiri. Alianza kwa kuumba." Popo wakafukuzwa, madirisha yakatiwa vioo.

Kwaya ikapata pa kufanyia mazoezi. Akina mama wa shanga wakapata meza. Kikundi cha maigizo kikapata jukwaa la mbao. Mwislamu, Mkristo, hakuna aliyeulizwa cheti cha ubatizo. Na kila asubuhi Nyawira, dada wa kutoka Nyeri aliyeajiriwa kusimamia ukumbi, alisimama mlangoni na kitabu chake akiita majina.

"Ekuam, uko?"

"Niko!"

Mnacheka? Kwangu Bula Pesa hakuna anayeniuliza kama niko. Nikifika nawasha redio, mtangazaji anasema hamjambo wasikilizaji, na mimi namjibu, sijambo. Nilikuwa nikibaki ukumbini mpaka Nyawira atikise funguo. Kazi haikuwa nyingi hivyo. Nilikuwa sitaki tu kurudi kwangu. Upweke si ugonjwa wa kwenda nao hospitali, kwa hivyo unakaa nao tu, unapiga mswaki nao, unalala nao.

Mtu mwingine aliyekuwa akiniuliza habari zangu ni Mama Fahmo.

Jina lake Habsa. Ni mjane, Msomali, anauza maziwa ya ngamia karibu na soko, hatua chache tu kutoka kanisani. Maziwa ni ya ngamia wa kaka yake, Siyad. Yanakuja kila asubuhi kwa pikapu ndani ya mitungi ya manjano. Mimi nilikuwa nikipita hapo nanunua kikombe kimoja, nakunywa nikiwa nimesimama.

"Ekuam, umelala aje?"

"Nimelala tu, Mama Fahmo."

"Hiyo shati ni ya jana."

"Ni ya leo. Imefanana."

"Imefanana mpaka doa?"

Anacheka, anamgeukia mteja mwingine. Basi, hayo ndiyo mazungumzo. Dakika tano. Lakini niliishi kwa hizo dakika tano mpaka kesho yake.

Sasa tuje kwa ukuta.

Mchungaji alitaka picha ya mwanamke anayempa mgeni maji. "Hapa kwetu," alisema, "mtu mwenye kiu haulizwi dini yake." Nikamwambia hiyo ni kazi ndogo. Milima, mtungi, ngamia kwa nyuma, mgeni mwenyewe na vumbi lake, yote nilimaliza kwa siku nne. Uso wa mwanamke ukanishinda.

Sisi tuliojifunza brashi kwenye kuta za vinyozi hatujui kuchora uso wa hewani. Kinyozi akitaka kichwa, unaketisha mteja wake kwenye kiti, unachora huyo. Hoteli ikitaka picha ya mpishi, unamchora mpishi wao na kitambi chake. Lazima kuwe na mtu. Na mimi kila nilipofumba macho nitafute mwanamke anayempa mtu kitu bila kumsimanga, nilimwona mmoja tu.

Ningeweza kutembea hadi kwake nikamwomba. Sikuenda. Nilijua atakataa, na akikataa nitaona haya kupita pale kesho, na dakika zangu tano zitakuwa zimeenda. Hiyo ni ya kwanza.

Ya pili ndiyo mbaya. Mama Fahmo hufunga shela yake mpaka kwenye paji la uso. Miaka yote hiyo sijawahi kuona hata unywele wake mmoja. Basi nilipomchora ameinama kumimina, nikairudisha ile shela nyuma kidogo. Nikaweka nywele. Nilijiambia ni upepo, ati mtu akiinama upepo hufanya hivyo. Uongo mtupu. Nilitaka kuziona, na kwa brashi hakuna wa kunikataza.

Jumapili pazia lililofunika picha likashushwa. Makofi, vigelegele, kwaya ikapasua anga. Mchungaji akanishika bega mbele ya watu wote akasema, "Huyu ni fundi wetu." Wetu! Tangu nizaliwe sijaitwa wa mtu mbele ya watu wengi hivyo.

Kisha sauti ikatoka barabarani. Mama mmoja, na kikapu chake cha mboga.

"Ai! Si huyu ni Mama Fahmo wa maziwa?"

Juu ya picha kuna msalaba. Chini yake mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nilikuwa nimeandika KARIBU NYUMBANI. Sasa nyinyi jumlisheni.

Picha ikaingia kwenye simu za watu. Mchana mji mzima ulikuwa ukisema Mama Fahmo ameingia kanisa. Habari ilipofika Burat alikuwa amebatizwa. Ilipofika Kipsing alikuwa amepewa na jina jipya, Kate.

Jumatatu asubuhi Mchungaji aliniita ofisini. Nyawira alikuwa ameketi kando na kitabu chake.

"Kaa, Ekuam. Siyad alikuwa hapa sasa hivi, kaka yake Habsa. Anasema dada yake ameapa kwamba hajui chochote kuhusu hii picha." Akaegemea meza. "Ulimwomba ruhusa?"

Na hapa mwelewe kitu. Mwaka jana mpiga picha fulani aliwapiga akina mama wa shanga picha, wakajikuta kwenye kalenda ya watu wasiowajua. Wakalia sana. Tangu hapo ukumbi una sheria moja tu, na imeandikwa mlangoni kwa rangi nyekundu: USICHORE MTU WALA KUMPIGA PICHA BILA RUHUSA YAKE. ATAKAYEVUNJA ATATOKA. Ni mimi niliyeiandika, na kila herufi nikaiwekea kivuli ipendeze.

Kwa hivyo Mchungaji aliponiuliza, sikusikia swali la picha. Nilisikia: Ekuam, unataka kurudi kuongea na redio?

"Alikubali," nikasema.

Nyawira akainua kichwa. "Alikubali ama alinyamaza? Hizo ni vitu mbili, Ekuam. Usituletee noma."

"Alikubali. Alikaa, nikamchora."

Hilo la kukaa hakuna aliyeniuliza. Nililiongeza mwenyewe. Mwongo huwa hatosheki na uongo mmoja.

Mchungaji akavuta pumzi ndefu. "Mungu asifiwe," akasema. Aliniamini. Yule mzee ana ugonjwa wa kuamini watu.

Nikatoka nikijua imeisha. Mjinga mimi! Mchungaji akampigia simu mzee Kulmiye wa msikitini, rafiki yake wa siku nyingi, akamwambia yule mama alikubali mwenyewe, hata alikaa akachorwa. Mzee Kulmiye akamwambia Siyad. Siyad akaenda moja kwa moja kwa dada yake, ambaye jana yake tu alikuwa amemwapia kwamba hajui kitu.

Mwaona nilichofanya? Kabla ya mdomo wangu, Mama Fahmo alikuwa mwanamke aliyechorwa bila kujua. Baada ya mdomo wangu akawa mwanamke aliyejifungua kichwa mbele ya mwanaume asiye wake, kisha akamdanganya kaka yake.

Jumanne, baada ya swala ya alasiri, tukakutana ukumbini. Mchungaji, mzee Kulmiye, Siyad, Nyawira, mimi. Mama Fahmo alikaa kwenye benchi la kwaya, peke yake, shela imefungwa mpaka karibu na macho.

Siyad ni mtu mrefu, mwenye sauti ya chini. Ingekuwa heri apige kelele.

"Mimi sina shida na kanisa," alisema. "Baba yetu alikuwa analeta maziwa hapa kabla hii ukuta ijengwe. Shida yangu ni moja. Nywele. Kama dada yangu alikaa, basi alifungua kichwa mbele ya huyu mwanaume. Kama hakukaa, huyu mwanaume ni mwongo. Ni moja kati ya hizo. Nataka kujua ni gani, niende nyumbani."

Mchungaji akaitikia kwa kichwa. "Ni haki yako. Kama hakukaa, Jumapili mimi nitaomba msamaha mbele ya watu wote, picha itafutwa, na Ekuam ataondoka hapa leo. Hiyo ndiyo sheria yetu."

Mzee Kulmiye akageukia benchi. "Habsa, binti yangu. Usiogope mtu. Ulikaa?"

Mama Fahmo hakumtazama mzee. Alinitazama mimi.

Wasomaji, pale palikuwa na nafasi. Ilikuwa ya kutosha kabisa. Ningesema, "Mzee, msimuulize yeye, niulizeni mimi." Ni maneno machache. Niliyafikiria yote, yakafika hadi kwenye meno. Nikatazama chini, nikaanza kukwangua rangi kwenye kucha zangu.

"Nilikaa," akasema Mama Fahmo.

"Habsa!" Siyad alisimama.

"Nimesema nilikaa."

Siyad akamwambia kitu kwa Kisomali, kifupi tu. Sikukielewa, ila mzee Kulmiye alifunika macho yake kwa mkono. Kisha Siyad akasema kwa Kiswahili ili sote tusikie, "Kutoka kesho maziwa yangu itauzwa na mtu mwingine." Akatoka.

Mchungaji akaja akanishika mkono. Mikono yote miwili. "Pole kwa kushukiwa, ndugu yangu."

Na mimi nikamjibu, "Asante, Mchungaji."

Asante! Mkitaka kunitukana, mahali pa kuanzia ni hapo.

Nilimfuata Mama Fahmo nje. Nilimpata karibu na lango.

"Mama Fahmo, kwa nini?"

Hakusimama vizuri, alipunguza mwendo tu. "Siyad ni ndugu yangu. Hasira yake itaisha. Wewe wakikufukuza hapa, uko na nani?"

"Sina mtu."

"Basi."

"Nitasema ukweli. Wallahi nitasema." Mimi Mturkana, Mkristo wa Jumapili, naapa kwa wallahi!

"Ukiulizwa, sema," alijibu. "Lakini usiende kupiga kelele barabarani watu wanicheke mara ya pili."

Akaenda. Na sasa nakuja kwa jambo ambalo hata kwa Mungu sijalisema kwa sauti.

Nilifurahi.

Nilitembea mpaka Bula Pesa nikitabasamu kama bwana harusi. Mtu hadanganyi mbele ya wazee kwa ajili ya mtu asiyemjali, si ndiyo? Nilipika ugali, nikala wote. Sikuwasha redio. Nilikaa kitandani nikisema jina lake, Habsa, Habsa, bila ile Mama Fahmo mbele. Mwanamke amepoteza kazi, amepoteza jina, kaka yake amemwacha, na mimi nipo nimekaa kitandani naona nimependwa.

Jumatano asubuhi nilivaa shati safi nikaenda kunywa maziwa.

Pale pake palikuwa patupu. Hakuna mtungi, hakuna kikombe. Jirani yake, Kabale, Mborana mmoja mnene anayeuza maziwa ya ng'ombe, aliniona nikija akafunika mtungi wake.

"Habari ya asubuhi, Mama. Mama Fahmo hajafika?"

"Hapa hakuna maziwa yako."

"Nauliza tu yuko wapi."

"Uliza ukuta yako," akasema Kabale. "Si unaongea na yeye huko?"

Wanawake wote wa mstari ule wakacheka, lakini kicheko hakikuwa na utani. Nikaondoka. Shati safi lilikuwa linaniwasha mwilini.

Nilipofika kanisani, pikapu ya Siyad ilikuwa imeegeshwa kando ya ukuta, vioo vyake vyeusi vimeachwa upenyo mdogo. Mwenyewe alikuwa amesimama chini ya picha, mikono nyuma, anaitazama.

"Habari ya asubuhi, Ekuam."

"Nzuri, Siyad."

"Hapa hakuna Mchungaji, hakuna mzee Kulmiye. Sitakupiga, sitaenda polisi." Alisema taratibu, kama mtu anayeongea na mgonjwa. "Ukiniambia hukumwomba, maziwa itarudi kwa dada yangu leo hii. Mimi na wewe tukikutana njiani tutasalimiana. Nataka neno moja tu. Ulimwomba?"

Mlango wa kusema ukweli ulikuwa wazi, na nilidhani hakuna anayetusikia. Kuna watu wanaosubiri maisha yao yote waulizwe swali lao kwa upole hivyo.

Ndani ya ukumbi Nyawira alikuwa ameanza kuita majina. Niliwasikia wa maigizo wakiitika, niliwasikia akina mama wa shanga. Halafu:

"Ekuam, uko?"

"Niko!" nikaitika kwa sauti kubwa.

Nikamgeukia Siyad.

"Alikubali," nikasema. "Alikaa."

"Na nywele?"

"Nilichora nilichoona."

Siyad hakukasirika. Aliitazama picha tena, muda mrefu, kisha akatikisa kichwa polepole.

"Hizo si nywele zake," akasema. "Sisi tumezaliwa tumbo moja, mimi najua. Wewe hukuona kitu." Akageukia pikapu. "Habsa! Umesikia?"

Mlango wa gari ukafunguka.

Ningetamani kuwaambia alikuwa analia. Hakuwa analia. Alishuka, akaufunga mlango nyuma yake vizuri, akaja mpaka mbele yangu. Sijawahi kusimama karibu naye hivyo, maana siku zote katikati yetu kulikuwa na mitungi.

"Jana jioni nilimwambia Siyad ukweli," alisema. "Yote. Akataka kuja kwako hapo hapo, mimi nikamshika. Nikamwambia, huyu si mtu mbaya, anaogopa tu. Muulize polepole, bila watu, atasema. Siyad akanicheka. Nikaapa. Nimeapa kwa Mwenyezi Mungu kwa ajili yako, Ekuam. Nimeapa juu ya ulimi wako."

"Mama Fahmo..."

"Hapana. Mimi nilidanganya siku moja, na hiyo siku moja sikulala. Wewe unalala aje?"

Kila siku alikuwa akiniuliza nimelala aje, na kila siku nilikuwa na la kujibu. Asubuhi ile niligeuka nikatazama ukuta.

"Uko na rangi nyeupe?" akauliza.

"Iko."

"Lete. Unifute."

"Sasa hivi? Soko limejaa, watu wataona. Ngoja watu wapungue, nitafanya kazi safi, hata hutajua kulikuwa na..."

"Waliniona nikiwekwa. Wanione nikitolewa." Akaonyesha juu kwa kidole. "Anza na hizo nywele. Na mtu akiuliza kwa nini, utajibu wewe. Mimi nimemaliza kujibu."

Nikaleta ngazi. Nikaleta mkebe na rola. Nikapanda. Niliichovya rola, nikaipandisha. Mkupuo mmoja, nywele zote zikaenda. Ilinichukua siku mbili kuzichora.

Barabarani mtu wa kwanza akasimama, halafu watano, halafu sikuhesabu tena. Wanawake wa maziwa wakaacha mitungi yao wakaja, Kabale mbele. Wa maigizo wakatoka ukumbini, akina mama wa shanga wakatoka, Nyawira akatoka na kitabu kifuani.

"Wanamfuta Mama Fahmo!" mmoja akapaza sauti.

"Ati kanisa limemkataa?"

"Kanisa gani! Ni Siyad ametisha watu!"

"Aka, mimi nilijua tu. Kuna kitu kati yao hao wawili."

Nilipaka paji la uso. Rangi ikachirizika ikapita kwenye jicho, nikaifuta kwa mkono wa shati. Nyuma yangu maneno yalikuwa yanapanda, kila mtu na lake, na sauti za vijana zilianza kuwa kali. Siyad alikuwa amesimama mbele yao amenyoosha mikono, anawaambia tulieni, tulieni.

Ndipo Mchungaji Rimberia alipotoka ofisini mbio, kanzu yake ya kazi haijafungwa vifungo.

"Ekuam! Ekuam, shuka! Unafanya nini?" Alishika ngazi kwa mikono yote miwili. "Si alikubali? Si tulimaliza jana mbele ya wazee? Nani amekutuma kumfuta?"

Watu wote wakageukia ngazi. Hata Siyad alishusha mikono akageuka.

Mchungaji alikuwa ananitazama kutoka chini, bado anaamini. Nyuma yake Nyawira alikuwa amefungua kitabu chake kwenye ukurasa wa majina, kalamu mkononi.

Nikamtafuta Mama Fahmo kwa macho. Haki ya Mungu, hata pale nilikuwa bado nangoja anisaidie, aseme neno kama jana, "Mimi ndiye nilimwambia afute," au neno lolote. Nilimpata kando ya pikapu. Aliniona namtazama.

Akanipa mgongo.